Tangi la matumbawe lililoachwa miezi 7: lifufuliwe au livunjwe?

*"Mjomba alihamishiwa Dodoma kikazi, akaniachia tangi lake la maji ya bahari hapa Mikocheni. Lina urefu wa sentimita 120, upana 50 na kina 50. Kwa miezi 7 kijana wa kazi alikuwa akiwalisha samaki na kuongezea maji ya bomba. Mwezi uliopita bomba lilipokauka akamimina madumu mawili ya maji ya bahari. Sasa mawe yameota manyoya ya kijani, juu ya mchanga kuna utando mwekundu, na ukitazama kwenye kioo mchanga wa chini ni mweusi. Joto ni nyuzi 31, kipimo cha chumvi kinachoelea kinasoma 1.032, na usawa wa maji umeshuka kidogo. Samaki watatu wako hai. Matumbawe mengine ni meupe, mengine yamejikunja. Nimepanga Jumamosi nimwage maji yote, nioshe mawe na mchanga kwa maji ya moto na Jik, nijaze maji mapya kutoka Coco Beach, kisha niweke antibayotiki ya kuua ule utando. Niko sahihi?"*

Ndugu msomaji, nia yako ni njema, lakini mpango wa Jumamosi uahirishe. Ukiufuata kama ulivyouandika, Jumapili utawakuta samaki wote watatu wamekufa. Hayo maji ya moto nayo yanaweza kukupeleka hospitali wewe mwenyewe, na hilo nitalieleza mbele kidogo. Hofu yako ni kwamba tangi limeoza na kila siku unayochelewa ni hasara. Hofu hiyo ina ukweli nusu. Limechoka kweli, ila samaki watatu kuwa hai baada ya miezi 7 kunakuonyesha kuwa sehemu moja muhimu bado inafanya kazi, nayo ndiyo hasa uliyotaka kuiua kwa Jik.

Sehemu hiyo ni mawe. Ndani ya vitundu vya mawe yale wanaishi bakteria wanaogeuza amonia, yaani sumu itokayo kwenye kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, kuwa naitraiti, halafu naitreti. Naitreti madhara yake ni madogo kwa mbali. Chujio unaloliona nyuma ya kioo linasaidia tu, kiwanda kiko kwenye mawe. Ukiyaosha kwa klorini au maji ya moto, unabaki na samaki watatu ndani ya sanduku la kioo lisilo na choo. Kujenga upya jeshi hilo la bakteria huchukua wiki 4 hadi 8, na samaki hawawezi kukusubiri muda huo.

Kosa la pili katika mpango ni kubadilisha maji yote kwa mpigo. Wengi huamini kuwa maji mapya ni salama kuliko ya zamani. Lakini viumbe wako wamezoea polepole chumvi nyingi, joto kubwa na naitreti nyingi. Ukiwatoa huko ghafla miili yao haiwahi kurekebisha kiasi cha maji na chumvi ndani ya chembe zake. Samaki huvumilia chumvi ikishuka, kuliko ikipanda. Konokono, kamba na matumbawe hawavumilii vyote viwili. Kila badiliko utakalofanya, hata liwe jema kiasi gani, lifanye kwa vipande.

Leo: hewa na joto

Kabla hujapima chochote, wape hewa. Maji ya bahari ya nyuzi 25 hubeba oksijeni kama miligramu 6.7 kwa lita. Yakifika nyuzi 30 kiasi hicho hushuka hadi 6.2 hivi, na chumvi ikizidi hushuka zaidi, wakati huohuo joto linawafanya samaki waihitaji zaidi. Elekeza pampu ya mkondo juu ili uso wa maji utikisike, weka pampu ya hewa yenye jiwe lake, ondoa kifuniko cha kioo kama kipo. Nunua pia pampu ya hewa ya betri kwa ajili ya siku umeme unapokatika. Katika jiji hili ni kifaa cha lazima, kwa sababu tangi chafu linaweza kumaliza oksijeni yake usiku mmoja umeme ukiwa umezimika.

Kwa joto, huhitaji kuanza na mashine ya kupoza maji, ambayo ni ghali na hula umeme. Feni ndogo mbili za kompyuta za volti 12, zikipuliza juu ya uso wa maji, hushusha nyuzi 2 hadi 3. Unyevu wa hewa yetu ya pwani ndio unaozizuia kufanya zaidi. Lengo ni nyuzi 26 hadi 28, na usishushe zaidi ya nyuzi 1 kwa siku. Hita usiichomoe na kuisahau: kagua kama haijagandia ikiwa imewaka, maana hita mbovu huweza kuwa ndiyo chanzo cha hizo nyuzi 31. Na kama jua la dirishani linapiga tangi, weka pazia.

Wiki ya kwanza: chumvi

Hapa ndipo kijana alipopotea, na simlaumu, maana wengi hufikiri hivyo: tangi ni la maji ya bahari, basi liongezewe maji ya bahari. Kinachopaa hewani ni maji matupu, chumvi inabaki. Ni sawa na mchuzi unaokauka jikoni ukauongezea mchuzi mwingine wenye chumvi yake badala ya maji. Madumu mawili ya lita 20 yameleta karibu kilo 1.4 ya chumvi ya ziada. Ongeza na usawa ulioshuka, hiyo 1.032 haishangazi. Ni takribani gramu 42 kwa lita, wakati bahari yetu nje ya pwani iko karibu na 35.

Kwanza hakikisha kipimo hakikudanganyi, kwani hivi vya plastiki hupotoka sana. Pima gramu 37 za chumvi ya mezani, ongeza maji safi hadi jumla ifike kilo 1, koroga mpaka iyeyuke yote. Kipimo kizima kinapaswa kusoma karibu 1.026. Kikisoma 1.029, basi jua kinazidisha kwa 0.003 na ukumbuke kupunguza kila unaposoma. Kabla ya kupima, suuza kipimo na toa viputo vya hewa vilivyonata.

Tangi la vipimo vyako lina ujazo wa lita 300, lakini mawe na mchanga vimechukua nafasi, kwa hiyo hesabia maji halisi lita 240. Siku mbili za mwanzo ongeza lita 6 za maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kila siku mpaka usawa urudi mahali pake. Baada ya hapo kila siku toa lita 6 za maji ya tangi, weka lita 6 za maji baridi. Mimina taratibu mbele ya pampu ili yachanganyike, usimwage juu ya tumbawe. Ukienda hivyo chumvi inashuka kama gramu 1 kwa lita kwa siku, na baada ya wiki moja hivi utakuwa umefika 1.026, yaani zile gramu 35. Pima kila asubuhi. Ukifika, simama hapo.

Maji baridi yapi? Hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Maji ya bomba yana klorini, na mara nyingi huja na naitreti na fosfeti. Ndiyo mbolea iliyootesha manyoya yako kwa miezi 7. Maji ya visima hapa Dar, hasa maeneo ya karibu na pwani, mengi yana chumvi. Maji ya mvua yanayopita juu ya bati huokota zinki. Na yale yanayodondoka kwenye kiyoyozi, ambayo wengi huyakinga kwa ndoo wakidhani ni safi, yamepita juu ya mirija ya shaba: shaba kidogo tu huua konokono, kamba na matumbawe. Tafuta maji yaliyochujwa kwa mtambo wa osmosisi. Vituo vinavyouza maji ya kunywa vinao, lakini baadhi hurudishia madini baada ya kuchuja, hivyo beba kipima cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka majini, kile cha kalamu. Chini ya 10 ni mazuri, hadi 30 yatakufaa kwa dharura. Kipima hicho ni cha bei ndogo na kitakuokoa mara nyingi.

Katika wiki hiyo lisha mara moja kwa siku, kiasi kinacholiwa chote ndani ya dakika 2, na punguza taa ziwe saa 6 tu. Usiongeze kemikali yoyote. Kila kipimo kitabadilika chumvi inaposhuka, na utakuwa unarekebisha kitu kinachojirekebisha.

Mchanga mweusi, utando na manyoya

Weusi ule ni eneo lisilo na oksijeni. Bakteria wa humo hutoa hidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai bovu, na hiyo ni sumu kali kwa samaki. Ukiwa umetulia chini hauna haraka ya kumdhuru mtu. Ukiukoroga kwa mkono, gesi na amonia vinapanda pamoja. Kwa hiyo usiuoshe ndani ya tangi. Chukua mpira wa kunyonyea wa unene wa kidole, uzamishe moja kwa moja kwenye mchanga, uunyonye pamoja na maji yake mpaka ndooni. Fanya robo ya tangi kwa wiki. Mchanga uliotoka ukiwa mweusi na unanuka, utupe. Utakaorudisha baadaye usizidi sentimita 2 kwa kina.

Maji utakayokuwa umetoa pamoja na mchanga, karibu lita 24 kila mara, ndiyo nafasi yako ya kuweka maji mapya ya bahari yenye chumvi na joto sawa na la tangi. Kuhusu Coco Beach, hapana. Mto Msimbazi unamwaga uchafu wa jiji karibu na Daraja la Selander, jirani kabisa, na mvua ikinyesha hali huwa mbaya zaidi. Kama unaamua kuchota baharini, nenda mbali na midomo ya mito na bandari, upande wa bahari wazi kusini mwa Kigamboni kwa mfano, wakati wa bamvua maji yakiwa yamejaa pomoni, na kusiwe na mvua siku za karibuni. Wakati wa masika acha kabisa. Chuja kwa kitambaa kizito, hifadhi kwenye pipa linalofaa kuhifadhia chakula, lililofunikwa lisipate mwanga, lipigwe hewa kwa siku nzima, kisha pima chumvi na amonia kabla ya kutumia. Chumvi ya unga ya matangi ni ghali zaidi ila haina mshangao. Kwa tangi linalougua, mimi ningetumia hiyo kwa miezi miwili ya kwanza kama mfuko unaruhusu.

Utando mwekundu si mwani. Ni bakteria wanaotumia mwanga, ndiyo maana antibayotiki ya dukani inaonekana kuufaa. Itauua kweli, halafu ile mizoga itaoza yote kwa pamoja na kumaliza oksijeni, na bakteria wako wa mawe nao wanaweza kuumia. Uvute kwa mpira kila unapobadilisha maji, kisha elekeza mkondo pale unapopenda kuota. Unapenda sehemu zenye maji yaliyotuama na uchafu.

Manyoya ya kijani yana hila moja. Utapima naitreti na fosfeti, utakuta karibu sifuri, utashangaa. Sababu ni kwamba manyoya yenyewe yamekwisha kuvila. Zaidi ya hapo, mawe hunyonya fosfeti kwa miezi na baadaye huirudisha majini kidogo kidogo, kwa hiyo hata ukiyang'oa leo yataota tena kwa wiki kadhaa. Usikate tamaa wala usiongeze dawa. Toa jiwe moja au mawili kwa wiki, lisugue kwa mswaki mgumu ndani ya ndoo yenye maji ya tangi uliyoyatoa, likung'ute, lirudishe. Sifongo za chujio zisuuze kwenye ndoo ileile, kamwe si bombani. Konokono wanaokula mwani watasaidia sana, lakini waweke baada ya chumvi kutulia, si kabla. Chembe za oksidi ya chuma zinazonyonya fosfeti ziko sokoni. Ukizitumia anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa, maana fosfeti ikishuka ghafla matumbawe huumia.

Skima, ile mashine ya kutoa povu, ivunje uioshe. Pampu yake iloweke kwa saa 3 kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, iyeyushe chokaa iliyoganda. Mara nyingi skima "iliyokufa" imeziba tu.

Onyo kuhusu mawe na mikono yako

Angalia kama kwenye mawe kuna vifungo laini vinavyofunguka kama maua madogo, vimebanana kwa makundi. Huitwa zoanthidi, na baadhi hubeba palitoksini, mojawapo ya sumu kali kabisa zinazotoka kwa viumbe hai. Maji ya moto na mvuke huirusha hewani. Mwaka 2018 huko Uingereza familia nzima ilipelekwa hospitali baada ya mtu kusafisha matumbawe ya tangi lake nyumbani. Usichemshe jiwe, usilimwagie maji ya moto, usilisugue likiwa kavu. Vaa glovu ndefu na miwani, fanya kazi hiyo nje au madirisha yakiwa wazi, watoto wasiwe karibu, na kama una kidonda mkononi subiri kipone. Ladha ya chuma mdomoni, ganzi, kupumua kwa shida, homa au maumivu ya misuli baada ya kushika mawe: nenda hospitali mara moja, na umwambie daktari wazi kuwa ulikuwa unasafisha matumbawe, la sivyo atafikiria malaria.

Kemia na matumbawe, kuanzia wiki ya tatu

Chumvi na joto vikishatulia, pima amonia, naitreti, fosfeti na alkalini, yaani akiba ya kabonati inayozuia maji yasichachuke na ambayo matumbawe hujengea mifupa. Amonia inapaswa kuwa sifuri. Ikionekana, kuna kitu kimekufa nyuma ya jiwe. Kitafute kwa pua, jiwe baada ya jiwe. Alkalini karibu hakika itakuwa chini, kwa sababu bakteria wanapogeuza amonia huila. Unataka dKH (kizio cha kupimia alkalini) 7 hadi 9. Bekingi soda ya kawaida isiyo na mchanganyiko inatosha: gramu 7 katika tangi lako hupandisha dKH 1. Hiyo ni kama kijiko cha chai na nusu. Usipandishe zaidi ya dKH 1 kwa siku, yeyusha kwanza kwenye maji safi, na uhakikishe si bekingi poda. Kalsiamu iwe miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesi 1250 hadi 1350. Ukibadilisha maji kila wiki hizi mbili kwa kawaida hujiweka sawa zenyewe.

Sasa matumbawe. Meupe hayamaanishi yamekufa. Limulike kwa tochi ukiwa karibu: ukiona ngozi nyembamba inayong'aa na vidole vidogo usiku, tumbawe limepauka tu, yaani limewatoa mwani wadogo wanaoishi ndani yake na kulilisha, jambo ambalo joto la nyuzi 31 hulisababisha. Lihamishie kivulini, mkondo uwe wa wastani, lilishe chakula laini mara 2 kwa wiki. Kupona huchukua miezi. Lililoota manyoya juu ya mfupa mtupu limekufa, na sasa ni jiwe. Yale laini yaliyojikunja yana nafasi nzuri kuliko yote, hayo usiyaguse.

Je, ni bora kuvunja na kuanza upya? Ningekubali kwa hali mbili: kama mjomba aliwahi kutia dawa ya shaba ndani ya tangi hili (mpigie umuulize leo), kwa kuwa mawe na mchanga huishika shaba, au kama hakuna tumbawe lililo hai na samaki umempata mtu wa kuwatunza. Njia ya tatu, ambayo watu huionea aibu bila sababu, ni kuliacha liwe tangi la samaki na mawe tu. Gharama inapungua karibu nusu, taa ya kawaida inatosha, na kosa dogo haliui kitu. Kama huna saa 3 za kila wiki kwa mwaka mzima, ningekushauri hiyo. Kulirudisha kuwa tangi la matumbawe, tegemea miezi 3 hadi 4 kabla halijapendeza macho.

Usijaze pengo kwa kuokota matumbawe au mawe hai baharini. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975, na Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994 inawalinda viumbe wake. Wala usirudishe samaki au konokono wa tangi baharini, huenda wakabeba magonjwa au wakawa wageni katika maji yetu.

Kuna mambo matatu ambayo maandishi hayatoshi, mwite mtu aje. Fundi umeme, kama unasikia mwasho au mshtuko mdogo ukigusa maji, au ukiona chumvi imetambaa hadi kwenye soketi. Hadi afike chomoa kila kitu kabla ya kuzamisha mkono, na akija mwombe afunge swichi inayokata umeme unapovuja. Fundi wa vioo, kama gundi ya pembeni imeachia au kioo kimevimba katikati. Na mtu wa samaki wa mapambo au daktari wa mifugo mwenye uzoefu wa samaki, kama samaki wanahema juujuu hata baada ya kuwapa hewa, au wana vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Samaki wa aina hiyo hutibiwa kwenye tangi la pembeni. Dawa usiitie kamwe kwenye tangi lenye matumbawe.